Yungiyungi Jeupe na Kalamu Nyekundu

Katika miaka yangu ya ukufunzi nimesahihisha maelfu ya kazi za wanachuo, na karibu zote nimezisahau pamoja na alama nilizozitoa. Moja haijanitoka moyoni hata leo, nikiwa mzee wa miaka sabini na ushei ninayeshinda barazani na vitabu vyangu. Ilikuwa mwaka 1978. Nilikuwa mkufunzi kijana wa somo la historia katika chuo kimoja cha ualimu, na niliwapa wanachuo zoezi la kutengeneza zana ya kufundishia mada ya Misri ya kale katika shule ya msingi. Wengi walichora piramidi, maana piramidi haimshindi mtu mwenye rula. Binti mmoja, mnyamavu sana darasani, alileta kadi ya manila ambayo juu yake alikuwa amemchora mwanamke wa Misri ameketi, ua jeupe mkononi, amelipeleka puani analinusa. Chini ya picha hiyo aliuchora mmea mzima wa ua lile: jani la mviringo lililolala juu ya maji, limepasuka upande mmoja mpaka penye bua, ukingo wake una meno meno kama ya msumeno, kisha bua refu linaloshuka majini, na mwisho kabisa, ndani ya tope, kiazi kidogo cha duara.

Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika: "Hili ni yungiyungi la bwawani, siyo lotasi. Tazama kitabu." Nikampa alama nne katika kumi.

Kitabu chetu cha kiada kilieleza kwamba Wamisri waliliheshimu ua la lotasi, na pembeni paliwekwa picha ya ua la rangi ya waridi lililosimama juu sana ya maji, katikati yake pana kitu kama kichwa cha keni ya kumwagilia bustani. Ua la namna hiyo sikuwahi kuliona, nami kwa akili zangu za ujana nilichukulia kwamba jambo ambalo sijaliona ndilo linalostahili kuwa la Mafirauni.

Ndugu msomaji, ningeweza kuishia hapo nikasema nilikosea kwa kutojua, na ungenisamehe. Lakini hiyo ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba mmea ule niliujua mno. Kiazi kile kilichochorwa ndani ya tope sisi watu wa bonde la Rufiji tunakiita toro, na mimi nimelelewa nacho.

Mvua za mwaka wa Uhuru, 1961, zilinyesha kupita kiasi, na mafuriko yaliyofuata mwaka 1962 yaliukuta mpunga wetu shambani. Nilikuwa mtoto wa shule. Maji yalipoingia, mpunga ukazama wote, na dungu la kulindia ndege likabaki peke yake limesimama kama mtu aliyeachwa na boti. Mto uliporudi nyuma uliacha mabwawa kila mahali, na mabwawa yale yakajaa mayungiyungi, meupe na ya buluu. Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa akinipakia katika mtumbwi asubuhi mapema, twende tukatafute toro. Aliteremka majini mpaka kifuani, akakanyaga tope kwa vidole vya miguu akivitafuta viazi, kisha akazama kuving'oa. Tulivichemsha, tukavimenya, tukavila na chumvi. Maganda ya mbegu nayo tuliyaanika juani, tukatoa mbegu zake ndogo ndogo tukazitwanga.

Bibi ndiye aliyenifundisha kuyatofautisha. La buluu, alisema, huamka na jua, na jua likipanda linachoka. Jeupe linakesha: hufunguka magharibi watu wanapotawadha, likakaa wazi usiku kucha, na kabla ya adhuhuri limekwisha kujifunga. Na siku nilipokuwa narudi shuleni aliniambia, "Mume wangu, wenzio wakikuuliza umekula nini, sema wali." Nilisema wali. Haikusaidia kitu, kwani kwenye bweni tulijulikana sote tuliotoka bondeni, na jina letu lilikuwa "wala toro".

Basi yule binti alipoliweka toro chini ya mkono wa malkia wa Misri, kalamu yangu haikuwa inasahihisha historia. Ilikuwa inafuta kitu.

Sasa nieleze kosa lenyewe, kwa maana limewapoteza wengi kuliko mimi. Wagiriki wa kale walilitumia neno "lotos" kwa mimea mingi isiyohusiana: tunda la mti ambalo Homer anasimulia kuwa lilisahaulisha watu makwao, majani ya malisho ya mifugo, na pia ua la majini la Misri. Mwaka 1753, mtaalamu wa mimea wa Sweden, Carl Linnaeus, alipoipanga mimea ya dunia kwa majina ya Kilatini, aliliita yungiyungi jeupe la Misri *Nymphaea lotus*, lakini jina la *Lotus* peke yake akaupa ukoo wa mimea jamii ya kunde! Lile ua la waridi la kitabuni ni la tatu, la ukoo mwingine kabisa, ambalo asili yake ni Asia. Huko India na nchi za Mashariki ya Mbali lina heshima kubwa, wala mimi silidharau. Lakini Misri lilifika yapata zama za Waajemi, walioiteka nchi ile mwaka 525 K.K. Wakati huo piramidi kuu ya Giza ilikuwa na umri wa miaka elfu mbili. Kumpa mjenzi wa piramidi ua lile mkononi ni sawa na kumchora mtume wa zamani amevaa saa ya mkono.

Ua la Wamisri wenyewe, lililochongwa na kuchorwa tangu mwanzo wa ufalme wao, lilikuwa yungiyungi. Nalo ni la aina mbili zile zile za bibi, jeupe na la buluu. Wachoraji wao walikuwa makini. La buluu walilichora lina petali nyembamba zilizochongoka, na jeupe petali pana zenye ncha butu, kiasi kwamba mtu aliyeyaona mabwawani hapati taabu kuyatambua ukutani mwa kaburi. Katika picha za karamu, kama zile za kaburi la Nebamun zilizochorwa yapata mwaka 1350 K.K. na sasa zimo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, wageni wanayanusa na wengine wameyavaa kichwani. Ua lilikuwa hata na mungu wake, Nefertem, aliyeabudiwa Memphis. Na kulikuwa na masimulizi kwamba dunia ilipokuwa maji matupu, ua liliinuka kutoka majini, likafunguka, na jua likatoka ndani yake likiwa mtoto mchanga. Masimulizi hayo huhusishwa zaidi na la buluu, kwa ajili ya tabia yake ya kuamka na jua. Katika pango la Deir el-Bahari, ambako maiti za wafalme zilizokaushwa ziligunduliwa mwaka 1881, mwili wa Ramesses wa Pili ulikutwa na mashada ya petali za yungiyungi, makavu kama karatasi lakini bado ni petali, baada ya miaka karibu elfu tatu.

Wamisri waliliita ua hili "seshen". Wataalamu wengi wa lugha wanaona kwamba neno hilo liliingia katika Kiebrania likawa "shushan" na "shoshana", likaingia katika Kiarabu likawa "sausan", na kutoka huko ndiko lilikotoka jina la Susana. Sikumbuki darasa nililofundisha lisilokuwa na Susana mmoja au wawili, na mmoja wao alikuwa mtundu ajabu.

Lakini kuna jambo jingine ambalo kwangu ni kubwa kuliko mashada na karamu, na niliposoma habari zake mara ya kwanza ilinibidi niweke kitabu chini. Ni hesabu. Wamisri waliandika moja kwa kijistari, kumi kwa alama iliyopinda kama kwato, mia kwa kamba iliyoviringwa. Elfu je? Elfu waliiandika kwa mmea wa yungiyungi. Kumi elfu ni kidole, laki ni kiluwiluwi, na milioni ni mungu Heh aliyepiga magoti na kuinua mikono, kama mtu aliyeshangazwa na wingi. Katika kirungu cha mfalme Narmer, cha yapata mwaka 3100 K.K., kilichopo Oxford, yameandikwa mapato ya ushindi wake, na idadi ya mbuzi ni 1,422,000. Hapo utaona Heh mmoja, viluwiluwi vinne, vidole viwili, na mayungiyungi mawili. Tena katika dua waliyoiandika makaburini kwa karne nyingi, ya kumwombea marehemu mikate elfu na bia elfu, elfu ile ni yungiyungi.

Na alama hiyo si ua. Hapo ndipo nilipokomea. Alama ya elfu inaonyesha jani, bua lake, na sehemu ya kiazi cha chini. Maana yake makarani wa Firauni, tangu siku za kwanza za kuandika, waliuchora mmea mpaka kwenye toro. Waliuchora kama alivyouchora yule binti.

Hayo niliyakuta miaka ya 1980, katika maktaba, nilipokuwa natayarisha mihadhara. Wakati huo huo nikamsoma Herodotus, Mgiriki aliyeizuru Misri yapata mwaka 450 K.K. Anasimulia kwamba mto ukifurika na mashamba kugeuka bahari, huota ndani ya maji maua mengi ambayo Wamisri huyaita lotasi. Watu huyakusanya, huyaanika juani, huchukua kile kilichomo katikati ya ua, hukiponda na kuoka mikate. Anaongeza kwamba mzizi wake pia huliwa, una utamu kidogo, ni wa duara, ukubwa wa tofaa. Kisha, kwa uangalifu wa mtu aliyetazama kwa macho yake, anasema kuna na maua mengine yanayofanana na waridi, ambayo tunda lake ni kama sega la nyigu. Hilo la pili ndilo lile la kitabu chetu, likiwa bado geni Misri. Mwandishi huyu aliyatofautisha miaka 2,400 iliyopita, na sisi tukayachanganya tukiwa na mashine za kupigia chapa.

Mafuriko, mashamba kuzama, maua, kuanika juani, kuponda, kula mzizi. Nilikuwa nasoma habari za bibi yangu zilizoandikwa kabla ya Kristo, tofauti ikiwa mto tu. Wala Herodotus hasemi kwamba kilikuwa chakula cha aibu. Anakitaja kama chakula cha watu wa mabondeni ambao wamejua namna ya kuyafanya maisha yao yawe nafuu.

(Mafuriko aliyoyaona yeye hayaji tena, tangu bwawa kubwa la Aswan lilipokamilika mwaka 1970. Na kwetu, lile bwawa la umeme la Rufiji lililoitwa kwa jina la Mwalimu Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Umeme tunauhitaji, sina ubishi. Ila nimekuwa nikiwauliza vijana wa bondeni wanaokuja kunisalimu kama bado wanajua toro linavyotafutwa kwa vidole vya miguu, na wengi wao hucheka.)

Mwaka 1992, nikiwa tayari mkuu wa chuo, nilipata bahati ya kwenda Cairo katika semina ya walimu, na siku ya mapumziko nikaingia katika jumba la makumbusho la Tahrir. Hazina za kaburi la Tutankhamun, lililofunguliwa na Howard Carter mwaka 1922, zilikuwa bado humo; siku hizi ziko katika jumba jipya la Giza. Wenzangu walikimbilia kinyago cha dhahabu. Mimi nilisimama mbele ya kikombe. Ni kikombe cha jiwe jeupe la alabasta, Carter alikikuta karibu na mlango wa chumba cha kwanza, na kimechongwa kwa umbo la yungiyungi jeupe lililofunguka, petali pana za ncha butu zikipanda kutoka kwenye bua. Mikono yake miwili ni maua na machipukizi, na juu yake amekaa yule mungu wa milioni. Maandishi yake ni ya kumwombea mfalme maisha marefu, na sehemu ya maneno hayo ndiyo iliyowekwa baadaye kwenye kaburi la Carter mwenyewe huko London.

Wataalamu wanaeleza kwamba Wamisri walikuwa na vikombe vya umbo la mayungiyungi yote mawili. Vyembamba vya umbo la buluu vilielekea kuwa vya ibada, na vipana vya umbo la jeupe vilikuwa vya kunywea. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia. Katika mambo ya mbinguni la buluu lilitangulia, lakini jeupe lilikaa na watu mezani.

Si Wamisri peke yao walioona hivyo. Bangladesh ilipokuwa taifa huru mwaka 1971, ilihitaji nembo, na nembo iliyopitishwa mwaka 1972 ina yungiyungi jeupe juu ya maji, limezungukwa na mashuke ya mpunga. Wao huliita "shapla". Huota katika mabonde yanayofurika ya nchi ile, na mabua yake huuzwa sokoni yakapikwa kama mboga. Mpunga na yungiyungi katika ngao moja! Mtu wa Rufiji akiiona nembo ile anaweza kudhani imechorwa na jirani yake. Nayo ni nchi iliyoijua njaa. Ile ya 1974 iliua watu wengi mno. Hata hivyo hawakuliondoa ua la bwawani kwenye fedha zao.

Niliporudi kutoka Cairo nilifungua rejista za zamani za chuo, nikalipata jina la yule binti. Nilichukua miezi kadhaa kuuliza katika ofisi za elimu mpaka nikaambiwa anafundisha shule ya msingi wilaya ya mbali, ameolewa na ana watoto. Nikamwandikia barua ya kurasa tatu. Nilimweleza habari za Herodotus, za alama ya elfu, za kikombe, na za kalamu yangu. Nilimwambia kwamba picha yake ilikuwa sahihi kuliko kitabu, kuanzia meno ya jani mpaka kiazi, na kwamba alama yake ilikuwa kumi. Nikambatanisha kadi ya posta yenye picha ya kikombe. Sikumweleza habari za bweni. Niliona haya, mtu mzima na cheo changu.

Jibu lilichukua muda. Liliandikwa kwa mwandiko ule ule wa unyenyekevu niliouzoea. "Shikamoo Mwalimu," lilianza, likaulizia afya yangu na ya nyumbani. Kisha akaandika kwamba ameshukuru sana kwa barua, na kwamba ua lile alilichora kwa kukumbuka mabwawa ya kwao, maana na yeye ametoka bondeni, upande wa chini kuliko kwetu. Jambo hilo sikulijua. Miaka miwili nilimfundisha na sikuwahi kumuuliza kwao ni wapi.

Halafu yakafuata maneno ambayo nimeyasoma mara nyingi. Alisema yeye alama alikwisha kuisahau, ila sahihisho hakulisahau. Kwa miaka yote kumi na minne ya kazi yake, kila alipofika kwenye mada ya Misri, mtoto akinyoosha mkono na kusema, "Mwalimu, hilo si yungiyungi?" alimjibu kama nilivyomjibu yeye: kwamba yungiyungi ni la bwawani, na lotasi ni ua jingine. Na watoto wa namna hiyo walikuwapo kila mwaka, kwa sababu shule yake ilikuwa kando ya bwawa.

Mwisho wa barua aliniomba, kama ile kadi ya manila bado ipo chuoni, nimtumie, apate kuitundika darasani. Niliitafuta stoo siku mbili. Mtunza stoo aliniambia kwamba kazi zote za wanachuo za miaka ile zilikwisha kupelekwa jikoni kuwashia moto.